Baridi Mlimani: Neno la Kirongozi na Mahali pa Kuutazamia Kilimanjaro

Vitabu vya historia ya Afrika Mashariki havikosi kuitaja tarehe 11 Mei 1848. Asubuhi ya siku hiyo, mnamo saa nne, mmisionari Johannes Rebmann alikuwa akisafiri kwa miguu katika nyika iliyo baina ya milima ya Taita na nchi ya Wachagga, akauona mlima uliokuwa na kitu cheupe kileleni. Mwanzoni alidhani ni wingu. Kirongozi wake akauita weupe ule kwa neno moja tu: baridi. Rebmann akaliandika neno hilo katika shajara yake kwa jinsi sikio lake lilivyolipokea, "beredi", kisha akaongeza kuwa kwake yeye ilikuwa dhahiri kwamba kile hakikuwa kitu kingine ila theluji.

Tangu hapo masimulizi yamefuata njia moja. Rebmann hutajwa kuwa Mzungu wa kwanza kuiona theluji ya Kilimanjaro. Mabishano ya London hufuata. Mwishoni Rebmann huthibitishwa kuwa alisema kweli. Kirongozi hubakia pembeni mwa hadithi, kana kwamba aliishi na mlima mbele ya macho yake miaka mingi pasi na kujua alichokuwa akikitazama, hata alipokuja mgeni akampa jina la kitu hicho. Waandishi wengi wamelinukuu jibu lake, na aghalabu wamelinukuu kama kioja. Hata baadhi ya vitabu vilivyoandikwa na wenyeji kwa ajili ya shule vimelipita neno hilo kwa haraka, au vimelifasiri kuwa dalili ya ujinga wa zama zile.

Makala haya yanakusudia kulirudia neno lile moja na kuuliza lilikuwa likisema nini. Dai letu ni kwamba jina la mlima, pamoja na jina la kilicho juu yake, hutegemea mahali aliposimama mtazamaji na njia iliyomfikisha hapo. Rebmann na kirongozi wake walisimama mahali pamoja asubuhi ile. Njia zao za kufika hapo hazikuwa moja.

Tuanze na njia ya kirongozi. Rebmann aliondoka Rabai tarehe 27 Aprili 1848 akiwa na wapagazi wachache, Wamijikenda, ambao vitabu vya wakati ule viliwaita Wanika. Pamoja nao alikuwako Bwana Kheri, Mswahili aliyejulikana kwa kuongoza misafara ya kwenda Uchagga, na ambaye kwa hali zote ndiye aliyelitamka neno tunalolizungumzia. Huyu hakuwa mtu wa kubeba mzigo wala wa kupika. Kirongozi wa msafara alikuwa na dhima ya kujua maji yalipo, siku ngapi za mwendo zimebaki, mtawala gani apewe hongo ya kiasi gani, na mahali gani pasilaliwe. Mwaka huo huo wa 1848 Bwana Kheri alifuatana pia na Ludwig Krapf mpaka Usambara, kwa Kimweri. Basi kwa watu wa kazi yake mlima haukuwa mandhari. Ulikuwa alama. Mtu aliyetoka Rabai akaivuka nyika kavu ya Taru, akapata maji Maungu, akaupita Kasigau kwa mbali na kuingia Bura katika nchi ya Taita, alikuwa akingojea kuuona mlima ule ili ajue kwamba nusu kubwa ya safari imekwisha na kwamba maji, ndizi na pembe za ndovu ziko mbele.

Kwa sababu hiyo, mahali pa kuutazamia mlima palikuwa sehemu ya elimu ya msafara. Krapf mwenyewe, aliyepata habari ya theluji kwa kuandikiwa na kusimuliwa, aliuona Kilimanjaro mnamo Novemba 1849 alipokuwa akienda Ukambani, naye aliuona akiwa Maungu. Msomaji aliyepata kusafiri kwa gari kutoka Mombasa kwenda Nairobi anapafahamu Maungu kwa malori na vibanda vya chai. Ni vigumu kuamini, katika ukungu wa mchana, kwamba kutoka kilima cha hapo mtu aweza kuona mlima ulio umbali wa kilomita 160 na zaidi. Lakini asubuhi, baada ya mvua kuliosha vumbi, jambo hilo linawezekana, na watu wa misafara walijua hivyo. Walijua pia kwamba mlima ule una saa zake: hujitokeza alfajiri, hujifunika kabla ya adhuhuri, na pengine hujifunua tena jua linapokuchwa.

Miaka michache iliyopita niliwapeleka wanafunzi wa isimu katika milima ya Taita, tukapanda Vuria, kilele kirefu kuliko vyote vya huko, chenye mita 2,208. Njia ya kutoka upande wa Wundanyi hupita katikati ya mashamba ya mboga na miti ya mikaratusi, kisha huingia katika kipande cha msitu wa asili ambako ukungu hudondoka majanini hata siku isiyo na mvua. Juu kabisa pana milingoti ya mawasiliano, nayo haipendezi, lakini pameachwa wazi upande wa magharibi. Kabla hatujafika niliwaomba wanafunzi kila mmoja awe na karatasi, na mara atakapokiona kitu chochote juu ya upeo wa macho aandike neno la kwanza litakalomjia, bila kumwuliza mwenziwe. Mlima ulijitokeza kwa muda wa robo saa hivi: mgongo mpana wa rangi ya samawati iliyofifia, usio na chini, na juu yake mikwaruzo michache myeupe. Wengi waliandika "wingu". Wawili waliandika "Kilimanjaro", jambo lililoonyesha kwamba walikuwa wamesoma ramani kabla ya kupanda. Hakuna hata mmoja aliyeandika "theluji", ingawa wote walilijua neno hilo tangu shule ya msingi.

Sitaki kulifanya jaribio dogo kama hili kuwa ushahidi mkubwa. Nalitaja kwa sababu linatukumbusha kwamba kutoka Taita, na kutoka nyika ya chini yake, jicho halioni theluji. Linaona weupe. Theluji ni neno la mtu aliyeigusa. Rebmann alizaliwa Gerlingen, katika nchi ya Württemberg. Krapf alizaliwa Derendingen, karibu na Tübingen. Wote wawili walikua mahali ambapo weupe juu ya kilima, kila mwaka, ulikuwa na maana moja tu. Rebmann hakuiona theluji tarehe 11 Mei. Aliona weupe kama alivyouona mwenzake, na kumbukumbu ya utoto wake ikampa jina. Kirongozi naye alitafuta jina katika kumbukumbu yake. Tofauti baina yao haikuwa baina ya ajuaye na asiyejua.

Sasa tuliangalie neno lenyewe. Wale wanaoliona jibu la kirongozi kuwa pungufu hudhani kwamba "baridi" ni jina la hali, na kwamba aliyeulizwa habari za kitu akajibu kwa hali amekosa jina la kitu. Dhana hii haipatani na Kiswahili. Lugha yetu ina kundi la majina ambayo hukitaja kitu na nguvu yake kwa neno moja. "Moto" ni ule uwakao jikoni, na "moto" ni joto lake pia, hata twasema "maji ya moto" bila kukusudia kwamba ndani yake mna miali. "Jua" ni lile duara la angani, na ni mwanga na joto viangukavyo uani. Mtu huanika nguo juani, wala haziweki juu ya nyota. "Kaskazi" ni upepo, na ni majira yaletwayo na upepo huo, na ni upande unakotoka. Katika mpangilio wa namna hii "baridi" inakaa mahali pale pale ilipokaa "moto": maji ya moto, maji ya baridi. Ikiwa "moto" yaweza kuwa jina la kitu kichomacho, hakuna sheria ya sarufi inayoizuia "baridi" isiwe jina la kitu kigandishacho. Kirongozi aliyesema "baridi" huku akielekeza kidole chake kileleni alikuwa akilitumia neno kama wasemaji wa Kiswahili walivyozoea kuyatumia maneno ya jamii yake.

Yako maneno mengine ambayo angeweza kuyatumia, na wanafunzi huuliza kwa nini hakuyatumia. "Theluji" limetoka katika Kiarabu, na "barafu" limetoka katika Kiajemi, ambako "barf" ni theluji ile ianguakayo. Maneno haya mawili yamegawana kazi katika Kiswahili cha leo: theluji ndiyo ishukayo kutoka mawinguni, barafu ni maji yaliyoganda. Lakini hata kama kirongozi aliyasikia kwa mabaharia wa Bahari ya Hindi, yalikuwa kwake maneno ya nchi za watu. Neno "baridi", nalo la asili ya Kiarabu, lilikuwa limekwisha kuingia nyumbani, likawa la kila siku. Mtu hakitaji kilicho mbele ya macho yake kwa neno la mbali anapokuwa na la karibu.

Zaidi ya sarufi kuna habari. Jibu la kirongozi lilikuwa na elimu nyuma yake, na sehemu ya elimu hiyo imehifadhiwa katika maandishi ya wamisionari wenyewe, ingawa waliichanganya na mambo waliyoyaona kuwa ushirikina. Waliandika kwamba watu wa pwani waliudhania mlima huo kuwa una fedha. Waliandika habari za pepo wanaowaadhibu wapandao, za baruti isiyokubali kuwaka, za viungo vya mwili vinavyokakamaa. Rebmann alisimuliwa pia kwamba Rungua, mtawala wa Machame, aliwahi kutuma kundi la watu wapande wakachunguze weupe ule, na kwamba aliyerudi alikuwa mmoja tu, jina lake Sabaya, akiwa ameharibika mikono na miguu. Mtu aliyezoea nchi za theluji ataitambua mara moja ile hali: ni nyama ya vidole iliyokufa kwa kuganda. Ndiyo maana twasema kwamba neno "baridi" halikuchaguliwa ovyo. Miongoni mwa watu waliofanya biashara na Uchagga, kilichojulikana kwa hakika kuhusu weupe ule ni kile ulichomtenda Sabaya. Rangi yake yeyote aliweza kuiona. Nguvu yake ilijulikana kwa kusimuliwa na mwenye kuguswa nayo.

Ushahidi wa pili watoka mlima mwingine. Tarehe 3 Desemba 1849 Krapf, akiwa Kitui kwa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Ukambani, aliuona Mlima Kenya kwa muda mfupi mawingu yalipofunguka, akaandika habari za pembe mbili kubwa zilizosimama juu ya ukuta wa mlima. Hapo napo ni mahali pa kutazamia kwa mbali, kilomita 150 na ushei. Siku hizo alikutana na mtu wa Embu, Rumu wa Kikandi, ambaye alimweleza kwamba watu wake wakaa karibu na mlima huo na hupanda, ila hawafiki juu sana kwa sababu mbili: baridi kali, na kitu cheupe kinachoporomoka kutoka juu kwa kishindo. Msomaji na aone jinsi maelezo hayo yalivyo kamili. Yana rangi, yana baridi, yana mwendo na yana sauti. Hayana neno "theluji" kwa sababu hayakulihitaji.

Tukiyakusanya majina ya milima hii miwili kama yalivyotolewa na majirani wake, twaona kwamba kila jina lina mahali pake pa kusimama. Wamaasai wa nyanda za chini huuita Kilimanjaro "Oldoinyo Oibor", mlima mweupe. Wakamba, kwa maandishi ya Krapf, waliuita "Kima ja Jeu", na maana ni ile ile. Hawa wote ni watu walioutazama kutoka mbali, ambako weupe ndiyo habari kubwa. Wachagga walioishi mteremkoni hawakuwa na haja ya jina moja la mlima mzima. Nani huipa jina nyumba nzima akiwa ndani ya chumba? Wao walikuwa na Kibo na Mawenzi, vilele viwili vyenye tabia na ugomvi wao, kwani husimuliwa kwamba Mawenzi alikwenda mara kwa mara kuomba moto kwa Kibo hata akapigwa, na ndiyo sababu ya kichwa chake kuparuzika hivi. Hadithi kama hiyo haiwezi kutungwa Maungu, ambako Mawenzi haonekani ila kama kijino kando ya mgongo mkubwa.

Mlima Kenya unatupa mfano ulio wazi zaidi kwa mwanaisimu. Wagikuyu huuita Kĩrĩnyaga. Kikamba hakina sauti za r na g mahali Kigikuyu kilipo nazo, kwa hiyo jina hilo hilo katika kinywa cha Mkamba hutoka kama Kĩĩnyaa. Krapf, aliyesimama Kitui, aliandika "Kegnia" na "Kenia", na kutoka hapo likapatikana jina la mlima, la koloni na hatimaye la Jamhuri. Lau Krapf angeutazama mlima ule kutoka upande wa Nyeri au wa Meru, nchi hii yamkini ingekuwa na jina jingine. Jina la taifa letu ni alama ya kijiografia ya mahali mtu mmoja alipoutazama mlima mwezi wa Desemba, na ya lahaja ya mwenyeji wake. Wanaotafuta maana ya "Kenya" katika kamusi pasi na kujali Kitui wanatafuta mahali pasipo.

Na "Kilimanjaro" je? Wataalamu wamelivuta jina hili huku na huku kwa zaidi ya karne moja, nami sina nia ya kulimaliza shauri hapa. Nataka kutaja mambo mawili tu. La kwanza ni pingamizi la zamani kwamba mlima mkubwa kuliko yote barani hauwezi kuitwa "kilima", kwa kuwa kiambishi ki- hudogosha. Pingamizi hili lina nguvu kwa anayejua Kiswahili peke yake. Jirani zetu wa bara husema kĩrĩma katika Kigikuyu na kĩĩma katika Kikamba, wala hawakusudii kudogosha. Msafara wa Bwana Kheri ulikuwa wa lugha nyingi, na jina lililozaliwa njiani halina lazima ya kutii ngeli za Mvita. La pili ni kwamba Krapf, alipolieleza jina hili katika kitabu chake cha mwaka 1860, alitoa maana mbili: mlima wa ukuu, na mlima wa misafara, akilitaja neno "jaro". Katika lugha za Wamijikenda "charo" ni safari, na wapagazi wa Rabai walikuwa Wamijikenda. Maana hiyo ya pili aghalabu hupuuzwa na waandishi wa siku hizi, wanaopendelea maelezo yenye mng'ao zaidi. Mimi naiona ina uzito, kwa sababu inalingana na hali ya watazamaji. Jina la mlima wote kwa jumla halikuhitajiwa na Wachagga. Lilihitajiwa na wasafiri. Hata hivyo kuungana kwa "kilima" na "njaro" bila kiunganishi cha "cha" kunaleta taabu ya sarufi ambayo bado haijaondolewa, na mwenye kuidai maana hii atalazimika kuikabili.

Kinyume cha mambo haya yote tunakiona London. Huko alikuwako William Desborough Cooley, mtu mwenye elimu kubwa ya vitabu, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki. Cooley hakuwa mpumbavu, na yafaa tumtendee haki: alikuwa miongoni mwa Wazungu wa mwanzo kumkalisha chini Mswahili na kumhoji kwa makini, maana habari zake nyingi alizipata kwa Khamis bin Uthman, mtu wa Unguja aliyefika Uingereza. Katika maandishi yake ya mwaka 1845 aliutaja mlima "Kirimanjara" na kusema kwamba juu yake pametapakaa mawe mekundu ya akiki. Habari ya theluji ilipochapishwa mwaka 1849 aliikataa, na katika kitabu chake cha mwaka 1852 akaendelea kuikataa, akiona ushahidi wa macho ya Rebmann kuwa hautoshi. Baron Karl Klaus von der Decken alipanda sehemu ya mlima mwaka 1861 pamoja na Richard Thornton, na tena mwaka 1862 pamoja na Otto Kersten, wakafika kimo cha zaidi ya mita 4,000 na kunyeshewa theluji. Hata hapo Cooley hakuridhika. Kosa lake lilikuwa la mahali. Alikuwa na majina na masimulizi tele, akayapanga vizuri mezani, lakini hakuwa na mahali pa kusimama ambapo yangeweza kulinganishwa na umbo la nchi. Kirongozi alikuwa na neno moja na mlima mbele yake.

(Na tusisahau kwamba habari za mlima huu zilikuwa zimefika Ulaya zamani zaidi: Fernández de Enciso, Mhispania, aliandika mwaka 1519 kwamba magharibi ya Mombasa uko mlima mrefu sana, aliouita Olimpo ya Uhabeshi. Bila shaka aliyempa habari, au aliyempa habari mtoa habari wake, alikuwa mtu wa pwani ambaye alikuwa amesimama mahali.)

Baadaye ikaja namna nyingine ya kuzuru mlima, na pamoja nayo namna nyingine ya kutoa majina. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kibo mnamo Oktoba 1889. Kambi yao ya juu ililindwa na Muini Amani, mtu wa Pangani, aliyebakia peke yake katika baridi ile huku wao wakipanda na kushuka. Meyer akakipa kilele jina la mfalme wake wa Ujerumani. Mwaka 1899 Halford Mackinder alifika kilele cha Mlima Kenya, na vilele vyake vikaitwa Batian, Nelion na Lenana, kwa heshima ya malaibon wa Kimaasai. Ni heshima, lakini ni heshima ya ajabu: Mbatiany alikuwa amekwisha kufa, wala hapana aliyeulizwa miongoni mwa wale walioishi chini ya mlima na kuelekeza nyuso zao huko waombapo. Leo mpandaji wa kawaida asiye na kamba hukomea Lenana, mita 4,985, akaliona jua likichomoza na kupiga picha. Kwenye Kibo atapitia mahali paitwapo kwa jina la Gillman, mhandisi wa reli, au kwa jina la Stella, mke wa mpandaji mmoja wa mwaka 1925, ndipo afike Kilele cha Uhuru, mita 5,895, kilichopata jina hilo wakati mwenge ulipowashwa juu yake usiku wa uhuru wa Tanganyika, Desemba 1961.

Majina haya ya pili yana tofauti moja na yale ya kwanza. Yametolewa na mguu, hayakutolewa na jicho. Mtu hufika mahali, akapaita kwa jina la mtu au la tukio, na jina hilo haliwezi kukuambia chochote kuhusu unachokiona ukiwa hapo. Silaumu, Uhuru ni jina lililostahili, na sidhani kama yuko anayetaka kulibadili. Lakini mwanafunzi wa lugha ana wajibu wa kutambua kwamba ramani ya mlima, kama inavyouzwa kwa wageni, ni tabaka la juu tu, na kwamba chini yake kuna tabaka la majina ya watazamaji ambalo halijakusanywa vya kutosha. Wapagazi na viongozi wa Marangu, wa Machame, wa Chogoria na wa Naro Moru wana istilahi zao za aina za ukungu, za upepo, za changarawe inayoteleza, za maumivu ya kichwa yanayoletwa na kimo. Nyingi ni za Kiswahili, au za Kichagga, Kimeru na Kigikuyu zilizovishwa viambishi vya Kiswahili. Nikiwa mwanafunzi ng'ambo niliweza kuisoma safari ya Rebmann siku kwa siku katika maktaba, pamoja na "beredi" yake. Maneno ya viongozi wa leo sikuyakuta katika maktaba yoyote, wala hayamo katika kamusi zetu.

Shauri hili lina haraka kuliko inavyodhaniwa. Barafu ya Kilimanjaro imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu ilipopimwa mwaka 1912, na taarifa ya UNESCO ya mwaka 2022 ilisema kwamba barafu iliyobaki Kilimanjaro na Mlima Kenya huenda ikatoweka kabla ya mwaka 2050. Wanafunzi wangu waliandika "wingu" Vuria kwa sababu nyingine pia: weupe uliobaki ni mchache mno kwa mtu kuupa jina kutoka kilomita 110. Mtoto atakayezaliwa Taita mwaka huu ataisikia "Oldoinyo Oibor" au "Kima ja Jeu" kama tunavyosikia sisi majina ya mito iliyokauka.

Kwenye ubavu wa kusini-mashariki wa Kibo, katika kimo cha zaidi ya mita 4,600, iko kambi ya mwisho kabla ya kilele kwa wanaopanda kwa njia ya Machame. Yaitwa Barafu. Pale kambini penyewe hapana barafu: ni mwamba mtupu na upepo, na hata maji ya kunywa wapagazi huyapandisha kutoka bondeni. Jina limetokana na kile kinachoonekana juu yake, kwa hiyo ni jina la mtazamaji, la namna ya zamani. Njia itokayo hapo usiku hupanda baina ya vipande viwili vya barafu, na kimoja katika ramani chaitwa kwa jina la Rebmann. Nacho kimepungua sana. Ukiwauliza wapagazi wa kambi ile, saa nane za usiku, huko juu kuna nini, watakujibu kwa neno moja.